Duara la simu na sinia la nyumbani: mzee anabaki na nini?

Siku hizi hapa Doha ni nadra kuingia nyumba yenye vijana usimkute mmoja anayehesabu chakula. Simu ipo kando ya sahani. Anaandika wali, anaandika kuku, kisha simu inamchorea duara la rangi tatu: wanga asilimia kadhaa, mafuta asilimia kadhaa, protini asilimia kadhaa. Duara likikaa sawa, roho yake inatulia. Mie sina ugomvi na hilo. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na mtu anayepima chakula chake kwa hiari yake ananifurahisha kuliko yule anayekula mpaka kuinuka kunamshinda. Ugomvi wangu ni na zile asilimia pale zinapotolewa kwenye simu ya kijana wa miaka 25 na kuwekwa juu ya babu yake wa miaka 75. Hapo hesabu inadanganya, na anayelipa ni mzee.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mwaka 1827 daktari mmoja wa Uingereza, William Prout, aligawa chakula cha binadamu katika mafungu matatu: cha jamii ya sukari, cha jamii ya mafuta, na cha jamii ya ute wa yai. Ndiyo hayo hayo tunayoyaita leo wanga, mafuta na protini. Mwishoni mwa karne ile ya 19, Mmarekani Wilbur Atwater akapima nguvu inayotoka katika kila fungu, na hesabu yake ndiyo imo ndani ya simu za watoto wetu mpaka leo: gramu moja ya wanga inatoa kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Sukari ni wanga. Tende ni wanga. Asali pia, hata ikiwa imeletwa kutoka Yemen na kwa bei ya dhahabu.

Mizani inayotumiwa zaidi na programu hizo imetoka Marekani: wanga asilimia 45 mpaka 65 ya nguvu yote ya siku, mafuta 20 mpaka 35, protini 10 mpaka 35. Tazameni upana wake. Protini kutoka 10 mpaka 35! Mwanafunzi akiniletea jibu lenye upana huo ningemrudishia daftari. Si kwamba wataalamu hawakujua kazi yao. Asilimia ni sehemu ya kitu, na hicho kitu, yaani jumla ya chakula cha siku, hakifanani baina ya mtu na mtu.

Sasa chukua siku ya mzee wetu. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili. Adhuhuri wali, tuseme vikombe viwili, na mchuzi, na kipande kimoja kidogo cha nyama. Alasiri kahawa na kipande cha halua. Usiku hataki kitu kizito, anakunywa chai kwa mkate, basi. Ukipiga hesabu, protini ya siku nzima haizidi gramu 40: chapati zinampa 10 au 12, wali 8, kile kipande cha nyama 8, mkate na maziwa ya chai ndiyo yanayobaki. Nguvu yote ya siku ni kama kilokalori 1,500. Gramu 38 za protini mara 4 ni 152, yaani asilimia 10. Simu itampa alama ya kijani. Amefaulu.

Mjukuu wake ana kilo 75, anacheza mpira, anakula kilokalori 3,000. Naye akipata asilimia 10 hiyo hiyo ya protini, ni gramu 75, sawa na gramu moja kwa kila kilo ya mwili wake. Babu mwenye kilo 60 amepata kama gramu 0.6 kwa kilo. Asilimia ni ileile. Mmoja ameshiba, mwengine anajila misuli yake mwenyewe.

Nasema anajila kwa makusudi. Kipimo cha chini kilichozoeleka kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwaka 2013 jopo la kimataifa la wataalamu wa afya ya wazee, linalojulikana kwa jina la PROT-AGE, likasema kwa waliopita miaka 65 hiyo haitoshi, wapewe 1.0 mpaka 1.2, na wenye maradhi wengi wao hata zaidi. Sababu ni kwamba mwili wa mzee hauitikii protini kwa wepesi kama wa kijana. Ule mlo mdogo unaomjenga mtoto wa miaka 20, kwa mtu wa 75 unapita tu. Kwa hiyo mzee anakula kidogo kuliko sote na anahitaji protini nyingi zaidi kwa kilo. Kwa kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72 kwa siku, na ni bora zigawanywe kwenye milo mitatu, 20 au 25 kila mlo, kuliko kurundikwa adhuhuri.

Misuli ikipungua hakuna kengele inayolia. Mizani ya bafuni haisemi kitu, kwa sababu mara nyingi mafuta yanachukua nafasi ya nyama na uzito unabaki palepale. Ishara ninayoitazama mie ni namna mtu anavyoinuka kutoka sijida. Kwanza anaegemea mkono mmoja, baadaye yote miwili, kisha anaomba kiti. Tunasema ni magoti, ni umri, na kweli huenda ikawa ni magoti. Lakini nani amekwenda kuhesabu alichokula? Halafu siku moja anateleza kwenye marumaru ya chooni, nyonga inavunjika, na nyumba nzima inabadilika.

Tuje kwenye sinia, maana hapa ndipo mambo yetu yanapotofautiana na yale ya waliotengeneza hizo programu. Programu inadhani kila mtu ana sahani yake. Sie tunakula pamoja. Sinia linawekwa chini, wali umelala kama uwanja, nyama iko juu katikati. Mnajua wenyewe kinachofuata. Mwenye nyumba anamega nyama anamsogezea mgeni. Babu anamega yake, anaiweka mbele ya mjukuu. Bibi hata hajakaa, anaulizia nani hajapata. Mtoto aliyekula kuku wa mkahawani saa mbili zilizopita anarundikiwa mapaja, na wale wawili waliotulea wanamaliza kwa wali na mchuzi, wakisema Alhamdulillah tumeshiba. Nao kweli wameshiba. Tumbo halijui tofauti baina ya wanga na protini.

Ni adabu nzuri, na sitaki mtu aniambie eti naipiga vita. Lakini ilianza wakati nyama ilikuwa ya nadra na watoto walikuwa wembamba. Leo mtoto wa Doha si mwembamba. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta raia saba katika kila kumi hapa Qatar wana uzito uliopita kiasi, wanne wakiwa wanene hasa, na karibu asilimia 17 wana kisukari. Takwimu hizo ni za wenye miaka 18 mpaka 64. Mzee wetu wa 75 hamo.

Na hili la kisukari ndilo linalozidisha shida, kwa sababu lina wema ndani yake. Daktari anasema, mzee apunguze wanga. Familia inatii. Wali unapunguzwa, chapati inakuwa moja, halua inafichwa. Na mahali pa vile vilivyoondolewa panawekwa nini? Mara nyingi hapawekwi kitu, au panawekwa tango. Sukari ya damu inashuka, kila mtu anafurahi, na mzee anakonda miguu. Nimeyaona haya katika nyumba zaidi ya moja, na siwalaumu waliofanya, kwani nusu ya agizo ndiyo waliyopewa.

Hapa Doha tuna ushahidi mkubwa wa kwamba chakula kinaweza kukirudisha nyuma kisukari. Utafiti uitwao DIADEM-I, uliofanywa na wataalamu wa Weill Cornell Medicine hapahapa Qatar na kutangazwa mwaka 2020, uliwachukua watu 158 wenye kisukari kisichozidi miaka mitatu. Kundi moja lilianza kwa wiki 12 za chakula maalumu chenye nguvu ndogo sana, kisha likarudishwa pole pole kwenye chakula cha kawaida pamoja na mazoezi. Baada ya mwaka, asilimia 61 ya kundi hilo kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa, dhidi ya asilimia 12 ya waliopata matibabu ya kawaida. Ni habari kubwa, na ya watu wa ukanda huu, si ya Wazungu. Lakini someni umri: walikuwa wa miaka 18 mpaka 50. Walisimamiwa na madaktari kila hatua. Kuichukua habari hiyo na kumfungia chakula mama wa miaka 72 anayepiga sindano ya insulini ni hatari, na sukari yake inaweza kuanguka usiku mkiwa mmelala.

Mie nadhani hesabu ya chakula ianze upande wa pili. Tuache asilimia mwisho. Tuanze na gramu za protini kwa uzito wa mtu, tufuate na kijiko cha mafuta, na wanga uje kujaza nafasi iliyobaki kwa kadiri ya kazi anayoifanya mtu na sukari yake ilivyo.

Protini basi. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au ya laban ni 8 hivi. Kipande cha samaki, kuku au nyama iliyopikwa, kikiwa ukubwa wa kiganja bila vidole, kina kama 25. Kikombe cha jamii ya kunde iliyopikwa kina kati ya 11 na 18, mbaazi zikiwa chini na adesi juu. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi ni 20. Kiganja cha samaki adhuhuri ni 25. Usiku bakuli la adesi na laban, zaidi ya 20. Mzee wa kilo 60 amefika, wala hatujamnunulia kopo lolote la unga wa protini kama yale yaliyopangwa chumbani kwa mjukuu (ambaye, kwa kilo zake na kuku anaokula, wala hayahitaji).

Samaki tusimsahau kwa kuwa tumehama bahari. Hamour wa sokoni hapa ni chewa, kanad ni nguru, na safi ni tasi wetu wa kukaanga. Bei ya hamour imepanda, najua, lakini protini ya samaki wa bei nafuu ni ileile. Mbaazi nazo tumezifanya chakula cha Jumapili na mahamri, wakati mwongozo wa chakula wa Qatar wa mwaka 2015, wenye picha ya kombe la baharini, umeipa jamii ya kunde fungu lake peke yake kati ya mafungu sita. Na kwa wenye meno mabovu, maana wazee wengi hawali nyama kwa sababu ya meno wakasingizia hamu, ipo bokoboko. Waqatari wanaiita harees na wanaikumbuka zaidi Ramadhani. Ngano na nyama vimepondwa mpaka vimekuwa kitu kimoja, mtu anakula kwa kijiko. Ongeza nyama, punguza samli ya juu, ni chakula cha mzee mwaka mzima.

Mafuta sina mengi ya kusema. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 30 ya nguvu. Kwa kilokalori 1,800 hiyo ni gramu 60, na kijiko kikubwa kimoja cha samli ni gramu 14. Vinne tu umekaribia kumaliza, kabla hujahesabu yaliyomo kwenye nyama na kwenye tui. Kikombe cha tui zito kina karibu gramu 50. Samaki wa kupaka ni tunu, sisemi tumwache, nasema asiwe wa kila siku na juu yake pilau la samli.

Kilichobaki ni wanga. Kikombe cha wali uliopikwa kina gramu 45. Kijiko cha chai cha sukari ni 4. Tende tatu ndogo ni 15 mpaka 20. Mkubwa asiye na kisukari, mwenye kula kilokalori 1,800, akishaweka protini 65 na mafuta 60 anabakiwa na wanga gramu 250. Ni nyingi tu, hakuna haja ya kuogopa wali kama nyoka. Wenye kisukari kiasi chao wapangiwe na daktari. Ninachokiogopa mie ni karaki. Unasimamisha gari, unapiga honi, kikombe kinaletwa dirishani. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48 za sukari, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa huyo wa 1,800 ni gramu 45, huku wakishauri nusu yake. Serikali hapa iliweka kodi ya asilimia 50 kwenye soda mwaka 2019. Karaki haimo humo, na mzee anaipenda kwa sababu inaingia laini na inampa nguvu ya saa moja. Kisha adhuhuri hana hamu ya samaki.

Najua nitaambiwa, Mwalimu, ukianza kupimapima sinia baraka inaondoka. Sitaki mizani ije kwenye mkeka. Nataka kabla sinia halijatoka jikoni, fungu la babu na la bibi liwe limewekwa pembeni kwenye bakuli dogo, nyama imeshachambuliwa mifupa, na wapewe hilo kwanza. Akitaka kumgawia mjukuu wali, amgawie. Mwenye hoja ya baraka pia akumbuke kwamba mafunzo yetu wenyewe ya theluthi ya tumbo yanatutaka tuwe na kipimo.

Hapo jikoni yupo mtu mwengine. Nyumba nyingi zetu anayepika na kupakua ni dada wa kazi, na ukitaka mpango huu ufanye kazi lazima yeye aujue, aelezwe kwa lugha anayoielewa, si kwa kupigiwa kelele. Naye anakula nini? Sinia likirudi jikoni nyama imekwisha, hesabu yake ni kama ya babu, tofauti ni kwamba yeye anasimama saa 14. Bakuli la pembeni liwe na la kwake.

Tahadhari moja, na hii si ya kupamba makala. Kisukari cha muda mrefu huharibu figo, na mwenye figo dhaifu ambaye hajaanza kusafishwa damu mara nyingi huambiwa apunguze protini. Kwa huyo, gramu 1.2 zinaweza kumdhuru. Akishaanza kusafishwa damu, hesabu inageuka tena, anahitaji zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, mzee apimwe figo. Kwenye kituo cha afya muulizeni daktari maswali mawili, na muyaandike majibu: figo zake zinaruhusu gramu ngapi za protini kwa siku, na ikiwa tutapunguza wanga, dawa ya sukari ipunguzwe kwa kiasi gani na lini. Akiwajibu kwa asilimia, mwombeni kwa upole awape gramu.